Tumbo la Eyasi, Mikono ya Hai

Ukitoka Bariadi kwenda kusini-mashariki, ukavuka Itilima na kuingia Meatu, mashamba ya pamba na mtama yanaanza kupungua na vichaka vya migunga vinashika nafasi. Ukishapita Mwanhuzi, ardhi inateremka kuelekea Mto Sibiti na bonde la Ziwa Eyasi. Hilo ndilo eneo la Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na ushei, ambao baadhi yao wamo ndani ya Mkoa wa Simiyu na wengi wako ng'ambo, Karatu, Mbulu na Mkalama. Kwa hesabu ya sensa ni wachache mno, lakini matumbo yao yamewashughulisha wanasayansi wa mabara matatu.

Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa Stephanie Schnorr na wenzake. Walichukua kinyesi cha Wahadzabe 27 kutoka kambi za karibu na Eyasi, wakakilinganisha na cha Waitalia 16 wa Bologna. Kinyesi cha Eyasi kilikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Zile za jamii ya Prevotella zilijaa tele, wakati bifidobakteria, ambazo watu wa Ulaya wanazihesabu kama ishara ya tumbo zuri, hazikuonekana kabisa. Miaka mitatu baadaye maabara ya Justin Sonnenburg, Chuo Kikuu cha Stanford, ikatoa katika Science matokeo ya sampuli 350 za watu 188, zilizokusanywa majira yakibadilika. Kiangazi, Wahadzabe wanapotegemea zaidi nyama na mizizi ya porini, bakteria za ukoo wa Prevotellaceae zilikuwa nyingi. Masika, wakati wa asali na matunda, zilififia. Kiangazi kilipofika tena, zikarudi.

Msomaji alikumbuke jina hilo la ukoo, Prevotellaceae, maana tutakutana nalo tena Helsinki.

Mizizi hiyo wanaichimba wanawake kwa vijiti vilivyochongwa ncha. Huchomwa motoni kidogo tu, kisha mtu akaitafuna muda mrefu, akanyonya utomvu na unga wake na kutema makapi yaliyobaki kama kamba. Ukijumlisha na ubuyu, makapimlo ya chakula yanayomfikia Mhadzabe kwa siku hukadiriwa kufika gramu 100 au zaidi, mara nyingi ya yale anayokula mkazi wa mji wa Ulaya au Marekani. Bakteria za utumbo mpana ndizo zinazoishi kwa makapimlo hayo.

Upande wa mashariki, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, watafiti wengine walikuwa wakihesabu kitu tofauti kabisa. Wilaya ya Hai ilikuwa na utaratibu wa kuandikisha kaya zote kwa ajili ya kufuatilia vifo na magonjwa. Madaktari wakiongozwa na Richard Walker na Catherine Dotchin kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, wakautumia utaratibu huo kutafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba. Waliohojiwa na kuonekana na dalili walifuatwa na kupimwa. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Mgonjwa huombwa agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, na daktari hutazama jinsi mwendo unavyopungua, ukawa mdogo, ukakwama. Huombwa ainuke kitini bila kujishika, atembee, ageuke. Daktari hukunja na kukunjua kiwiko chake polepole na kuhisi ukakamavu.

Matokeo yalitoka mwaka 2008. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Hiyo ni sawa na watu 20 katika kila 100,000, au 40 ukirekebisha umri ili ulingane na wa watu wa Uingereza, kiwango ambacho bado kiko chini ya kile cha nchi za Ulaya. Nambari iliyoniuma mimi ni nyingine: asilimia 78 ya wagonjwa hao hawakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wakitetemeka, wakishindwa kufunga vifungo vya shati, sauti zikififia na nyuso zikikakamaa, na ugonjwa wao haukuwa na jina.

Tafiti za Eyasi na za Hai zilifuata kila moja njia yake. Huku walihesabu vijidudu vya tumboni, kule walihesabu mikono inayotetemeka. Kuelewa kwa nini zilistahili kukutana, inabidi turudi nyuma miaka zaidi ya 200.

James Parkinson alikuwa tabibu wa Hoxton, kitongoji cha London. Mwaka 1817 alichapisha kijitabu kuhusu ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka, akieleza habari za watu sita. Baadhi yao hakuwahi kuwatibu. Aliwaona tu njiani wakitembea kwa kuinama na kukimbilia mbele, na baadhi aliwasimamisha na kuwauliza. Aliandika juu ya mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, juu ya mwendo, juu ya udenda unaotiririka. Aliandika pia juu ya tumbo. Alieleza kwamba choo cha wagonjwa hao kilikuwa kigumu tangu mapema, kikihitaji dawa kali za kuharisha, na mwishoni hata dawa hazikutosha. Alipofika kwenye chanzo, ingawa mawazo yake makuu yalikuwa kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, alikiri kwamba hakuweza kuionyesha njia, lakini akaona ni jambo linalowezekana kabisa kwamba hitilafu ya tumbo na matumbo huweza kuanzisha madhara huko juu.

Wazo hilo lilikaa bila kushughulikiwa kwa karibu karne mbili. Jean-Martin Charcot wa Paris aliupa ugonjwa jina la Parkinson. Mwaka 1912 Friedrich Lewy aliona vibonge visivyo vya kawaida ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa, na mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff akaonyesha kuwa eneo jeusi la shina la ubongo ndilo linaloharibika. Kisha zikaja zama za dopamini, kemikali inayopitisha ishara ubongoni: Arvid Carlsson aliyefungua njia mwaka 1957, Oleh Hornykiewicz aliyeonyesha mwaka 1960 kuwa kemikali hiyo imepungua mno katika ubongo wa wagonjwa, na George Cotzias, ambaye mwaka 1967 aliwapa wagonjwa levodopa ya kumeza kwa dozi kubwa na watu waliokuwa wamekakamaa wakasimama na kutembea. Yalikuwa mafanikio makubwa, na levodopa ndiyo dawa kuu mpaka leo. Lakini mafanikio hayo yalifunga macho ya wengi kwa kila kitu kilicho chini ya shingo.

Macho yalianza kufunguka Honolulu. Wanaume 6,790 wenye asili ya Japani walikuwa wakifuatiliwa kwa ajili ya magonjwa ya moyo, na miongoni mwa maswali waliyoulizwa lilikuwamo la mara ngapi wanapata choo kwa siku. Mwaka 2001 Robert Abbott na wenzake waliripoti kwamba waliokuwa wakipata choo chini ya mara moja kwa siku walikuwa na hatari ya kupata Parkinson mara 2.7 kuliko waliopata mara moja kila siku, na jibu hilo lilikuwa limetolewa miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Mwaka 2003 Heiko Braak, mchunguzi wa ubongo wa Frankfurt, akaweka mezani hoja nzito zaidi. Alikuwa amepanga hatua kwa hatua jinsi protini iitwayo alfa-sinukleini, ile ile inayotengeneza vibonge vya Lewy, inavyoenea. Haikuanzia eneo jeusi lililoonyeshwa na Tretiakoff. Ilionekana kwanza chini zaidi, penye mzizi wa neva ya vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, na pia katika sehemu ya kunusa. Braak akapendekeza kwamba kitu fulani huingia kupitia utumbo, kikaichochea protini hiyo katika neva za ukuta wa utumbo, nayo ikapanda pole pole hadi ubongoni.

Kukawa na njia ya kuijaribu hoja hiyo bila kumgusa mtu. Zamani wagonjwa wa vidonda vya tumbo walifanyiwa upasuaji wa kukata neva ya vagasi. Wadenmaki wakapekua kumbukumbu zao na mwaka 2015 wakaripoti kwamba waliokatwa shina zima la neva, baada ya miaka 20 na zaidi, walikuwa na hatari karibu nusu. Wengine waliorudia hesabu hizo waliuona uhusiano ukiwa dhaifu, na data za Sweden zilizotoka mwaka 2017 zilielekea upande ule ule bila nguvu kubwa. Siku hizi Per Borghammer wa Aarhus na wenzake wanasema huenda kuna njia mbili: wagonjwa ambao kwao ugonjwa huanzia tumboni, na wengine ambao kwao huanzia ubongoni. Mimi naona hoja hiyo inaeleza vizuri kwa nini babu mmoja alisumbuliwa na choo miaka kumi kabla ya kutetemeka, na mwingine hakuwahi kulalamika tumbo.

Sasa Helsinki. Mwaka 2015 Filip Scheperjans alilinganisha kinyesi cha wagonjwa 72 na cha watu 72 wasio na ugonjwa. Bakteria za ukoo wa Prevotellaceae zilikuwa zimepungua kwa wagonjwa kwa zaidi ya robo tatu. Ni ukoo ule ule unaopanda na kushuka Eyasi kwa kufuata majira. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Waitalia walikuwa wameupata kwa wingi katika matumbo ya watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso wanaokula uwele na mtama, tofauti na watoto wa Florence.

Hapa ndipo mwandishi mwenye haraka angerukia hitimisho. Bakteria hizi zinapatikana kwa wala mtama na wachimba mizizi, zinakosekana kwa wagonjwa wa Ufini. Basi ugali wa mtama unazuia Parkinson. Haiko hivyo. Tafiti zilizofuata katika nchi nyingine hazikuikuta Prevotellaceae ikiwa imepungua kila mara. Kilichojirudia zaidi ni upungufu wa bakteria zinazotengeneza butireti, asidi inayolisha ukuta wa utumbo mpana na kutuliza uvimbe. Tena mgonjwa aliyefunga choo, asiyetembea, asiyekula vizuri, tumbo lake hubadilika kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Na mwaka 2016 maabara ya Sarkis Mazmanian huko Caltech ilitoa matokeo yanayomtaka kila mtu atulie. Walitumia panya waliotengenezwa wawe na alfa-sinukleini nyingi. Wale waliolelewa bila bakteria yoyote walikuwa na dalili hafifu. Walipopandikizwa vijidudu vya wagonjwa wa Parkinson walidhoofika kuliko waliopandikizwa vya watu wenye afya. Lakini panya wasio na bakteria walipopewa asidi zile ambazo bakteria huzitengeneza kutokana na makapimlo, ikiwemo butireti, hali yao nayo ikawa mbaya. Kitu kinachotuliza tumbo la mtu mmoja huenda kikafanya kazi nyingine ubongoni kwa mwingine.

Ninayo sababu ya kurudi Simiyu nikiwa na maswali hayo. Mkoa huu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka Mwanza. Sensa ya 2022 iliukuta na watu 2,140,497. Ni mkoa mchanga wenye chakula cha kale.

Wazee wa Kisukuma wa Maswa na Bariadi walikulia mtama na uwele, uliotwangwa kwenye kinu au kusagwa juu ya jiwe, maganda yakiwemo. Mboga ilikuwa mlenda, au nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa juani. Maziwa yaligandishwa kwenye kibuyu. Na viazi vitamu vilitengenezwa kwa namna mbili. Michembe ni viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juu ya miamba mpaka vikawa vyeupe na vikavu. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakakatwa, ndipo yakaanikwa, na yakikauka hupata rangi ya kahawia na utamu wa kutafuna. Vyote viwili huhifadhiwa ghalani kwa miezi ya njaa. Kiazi kilichochemshwa kisha kikapoa na kukauka, sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa ngumu kumeng'enywa, ikapita utumbo mwembamba bila kuguswa na kuwafikia bakteria wa utumbo mpana. Mama aliyekuwa akianika matobolwa mwezi wa Juni alikuwa akitafuta chakula cha Januari, na bila kukusudia alikuwa akiwaandalia bakteria hao nao.

Chakula hicho kilibadilika kwa hatua. Pamba ilikuwa imeshika mizizi Usukuma, na katika miaka ya 1950 wakulima waliungana katika vyama vya ushirika; mwaka 1955 shirikisho lao la Victoria likaanzishwa, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Fedha ya pamba ikaleta baiskeli, bati, sare za shule na unga wa kununua. Mahindi yakachukua nafasi ya mtama kwa sababu za kueleweka kabisa. Kwelea-kwelea hushambulia mtama na uwele kwa kuwa punje ziko wazi, wakati hindi limefunikwa na maganda yake. Kufukuza ndege ilikuwa kazi ya watoto, na watoto wakaenda shule. Ukame wa 1973 na 1974, ambao ulikutana na kuhamishiwa kwenye vijiji, ulileta mahindi ya manjano ya msaada, na wanaokumbuka bado wanasema habari za ugali wa yanga. Kisha mashine za kukoboa zikaenea. Punje inavuliwa ganda na kiini, kinachobaki kinasagwa kuwa sembe nyeupe laini, na pumba zinawaendea kuku. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, ikawa chakula cha asiye na la kufanya. Huo ndio upotevu unaonisikitisha zaidi katika historia hii yote, kwa sababu hakuna ukame wala ndege aliyeulazimisha.

Pamba ilileta kitu kingine. Wakulima walibebeshwa bomba mgongoni na kunyunyizia DDT, baadaye endosulfani na nyinginezo, mara nyingi bila glavu wala barakoa, dawa ikivuja na kulowesha shati. Uhusiano wa viuatilifu na Parkinson ni imara kuliko ule wa chakula. Mwaka 1983 daktari wa California, William Langston, alieleza vijana waliojidunga heroini bandia iliyokuwa na sumu iitwayo MPTP na kupooza kama wazee wenye Parkinson. Sumu hiyo ikishageuzwa na mwili hufanana kwa umbo na paraquati, kiuagugu kinachotumika katika nchi nyingi. Mwaka 2011 Caroline Tanner na wenzake waliripoti kuwa wakulima wa Marekani waliotumia paraquati au rotenoni walikuwa na hatari mara 2.5 hivi. Rotenoni ni sumu ya mimea, na kemikali za jamii yake zimo katika utupa ambao wavuvi wa Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani kulevya samaki. Mkulima wa pamba wa Simiyu hatumii lazima sumu hizo mbili, lakini tabia ya kuvuta mvuke wa dawa usioujua jina ni ile ile.

Na tangu mwaka 1994, katika Wilaya ya Meatu, wamo wakulima wanaolima pamba bila viuatilifu vya kemikali chini ya mpango wa bioRe wenye makao yake Mwamishali. Tafakari maana yake. Ndani ya mkoa mmoja kuna wawindaji na wachimba mizizi ukingoni mwa Eyasi, wakulima walioacha sumu kwa zaidi ya miaka 25, majirani zao wanaoendelea kupuliza, na mji wa Bariadi wenye sembe, chipsi na soda. Wengi wao ni watu wa kabila moja, jua moja, maji ya aina moja. Anayetaka kujua ni chakula, ni sumu au ni umri unaoleta tofauti angehangaika sana kupata mahali pengine pa namna hii.

Ukanda huu, zaidi ya hayo, unajua tayari kwamba chakula kinaweza kuivunja neva. Mwaka 1985, wakati wa ukame mkali, watu wa Wilaya ya Tarime, mkoa jirani wa Mara, walikula mihogo michungu bila kuiloweka na kuikausha muda wa kutosha. Wengi, hasa wanawake na watoto, waliamka miguu imekakamaa, na haikupona. William Howlett na wenzake waliueleza ugonjwa huo, konzo, katika jarida la Brain mwaka 1990. Konzo si Parkinson. Huja ghafla na hushambulia neva za ubongoni na uti wa mgongo zinazoongoza miguu. Lakini sababu ilipatikana kwa kuuliza kila nyumba ilikula nini na iliandaaje, na hayo ndiyo maswali ambayo Parkinson ya Simiyu haijaulizwa.

Ukichukua kiwango ghafi cha Hai na kukiweka juu ya idadi ya watu wa Simiyu, unapata wagonjwa kama 400. Ni makisio ya kalamu tu, na huenda yako juu, kwa kuwa Simiyu ina vijana wengi zaidi. Hata wakiwa nusu yake, ni watu 200, na huenda wengi wao wanakaa nyumbani bila jina la ugonjwa wao. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011 kutokana na mahojiano ya Hai, ulikuta wagonjwa na jamaa zao wakiueleza kuwa uzee, au kurogwa, na wengi wakianzia kwa waganga na maombi. Usukumani maelezo hayo yana hatari yake. Huu ndio mkoa wa Gamboshi, kijiji cha Bariadi kinachotajwa nchi nzima kwa hadithi za uchawi, na hii ndiyo kanda ambako bibi vizee wameuawa kwa miongo mingi kwa sababu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Bibi ambaye uso wake umekakamaa, hatabasamu mgeni anapoingia, mkono wake unacheza peke yake usiku na sauti yake imebaki mnong'ono, anahitaji jina la kitabibu kwa ajili ya dawa, na analihitaji kwa ajili ya usalama wake.

Dawa ipo. Levodopa ikichanganywa na kabidopa iliwasaidia wagonjwa wa Hai walipoanzishiwa. Kwa sababu ya bei na upatikanaji, watu wameitazama pia mbegu ya upupu, mmea ule ule unaowasha ngozi, ambao wanakemia wa India waliipata levodopa ndani yake mwaka 1937. Mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake waliijaribu kwa wagonjwa 18 nchini Bolivia, unga wa mbegu zilizokaangwa ukipimwa kwa uangalifu, nao ulifanya kazi kama kidonge kwa muda mfupi. Asije mtu akachuma na kuchemsha nyumbani. Mwaka 1989, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 200 waliokula mbegu hizo wakati wa njaa, bila kumwaga maji ya kuchemshia kama ilivyo desturi, walichanganyikiwa akili.

Tumbo linaingilia hata kidonge. Levodopa hufyonzwa katika utumbo mwembamba kwa mlango ule ule unaopitisha viini vya protini, kwa hiyo mtu akimeza dawa pamoja na maziwa mgando au dagaa wa Busega, protini huiwahi dawa mlangoni. Humezwa nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baadaye. Mwaka 2019 maabara za Groningen na Harvard zilionyesha kuwa bakteria iitwayo Enterococcus faecalis huweza kuibadilisha levodopa tumboni kabla haijafika ubongoni, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya dozi inayomtosha mmoja kutomtosha mwingine. Na choo kikifunga, tumbo huchelewa kumimina, kidonge hukaa ndani bila kufanya kazi, familia ikadhani dawa ni bandia.

Kilimanjaro wamepiga hatua moja zaidi upande wa chakula. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha katika Nature Medicine jaribio la vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha kijijini walilishwa cha kizungu kwa wiki mbili, na wa mjini wakafanyiwa kinyume chake; kundi la tatu likanywa mbege kwa wiki moja. Chakula cha kizungu kilipandisha viashiria vya uvimbe mwilini, cha asili na mbege vilivishusha, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baada ya jaribio kwisha. Hakuna aliyepimwa Parkinson hapo, na ni nadra vijana kuugua ugonjwa huo. Ila sasa tunajua kwamba mwili wa Mtanzania unajibu mabadiliko ya sufuria ndani ya siku 14, na kwamba jaribio kama hilo linaweza kufanywa hapa kwa kande, dona na mboga za majani.

Kwa Bariadi, kazi ya kwanza ni ndogo kuliko hiyo. Hai ilianza na maswali machache yaliyopelekwa mlangoni. Babu, mkono unatetemeka ukiwa umeutuliza pajani? Unapotembea miguu inagoma kuinuka? Bibi, harufu ya chakula bado unaipata? Choo unapata mara ngapi kwa wiki, na kimeanza kuwa hivyo tangu lini? Swali la mwisho ndilo linaloonewa haya, na ndilo ambalo jibu lake lilitangulia ugonjwa kwa miaka mingi kule Honolulu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Simiyu tayari wanapita nyumba hizo kwa ajili ya malaria, chanjo na wajawazito, na mzee huwa amekaa pale pale nje wakati wanaandika majina ya watoto.